Kamba ya Kupimia Mkono

Kawangware,
13 Januari 2024

Kwa Baba,

Najua umeutambua mwandiko kabla ya kufungua, na najua umekaa na bahasha hii mkononi ukijiuliza kama kusoma ni sawa na kuongea. Si kuongea, Baba. Soma tu.

Anayekuletea ni Mama Osewe, yule muuza dagaa wa omena wa Kisumu Ndogo. Siku hizi Jumanne na Jumamosi anauza huku kwetu, karibu na ploti ya vyumba vya kupanga ninayokaa. Nilipomwona nililia mbele ya wateja wake mpaka akanifungia omena za bure ninyamaze. Yeye ndiye aliyeniambia bado unachomelea pale pale Gatwekera, na kwamba mtu akitaja jina langu unawasha grinda ya kukatia chuma usisikie.

Ile kazi ya baa uliyonifukuzia niliacha Agosti. Usifurahi bure, sikuokoka, nilichoka. Sasa nafundisha kina mama mazoezi ya nguzo. Ni chuma kimesimama kutoka sakafuni mpaka darini. Unakipanda, unazunguka, unajishikilia kwa mikono na mapaja. Wanafunzi wangu wanauza mboga na kufua nguo za watu. Wanakuja kupunguza tumbo na kucheka. Chumba nimepewa na Wakarima, mwenye ploti, ambaye naye amejiandikisha na hata kupanda hapandi, anakuja kuona wengine wakianguka.

Tarehe 27 Machi kuna mtihani. Ukumbi mmoja mkubwa wa mazoezi upande wa Lavington unatafuta mwalimu wa nguzo, wa kuandikwa kazi kabisa, mwenye mshahara wa kila mwezi na bima ya hospitali. Nikipita, sitarudi baa tena maishani mwangu. Nisipopita, baa ndiyo iliyobaki. Kina mama hawa wananilipa kwa sukuma wiki.

Shida yangu ni unene. Nguzo niliyo nayo ilitoka kwenye baa na ina unene wa milimita hamsini. Mkono wangu hauizunguki, nikipanda nateleza. Wanaojua wanasema mwenye mkono mdogo achukue arobaini na tano. Ikiwa nene vidole havikutani. Ikiwa nyembamba sana mkono unashika lakini mapaja yanaumia na miguu haina pa kukamata. Za dukani zinatoka ng'ambo, siziwezi. Na fundi ninayemjua wa kunyoosha chuma bila kosa ni mmoja.

Sikuombi uniongeleshe. Naomba nguzo.

Binti yako,
Amondi


Gatwekera,
16 Januari 2024

Amondi,

Nimepata barua. Mama Osewe ananuka omena na barua yako pia, lakini nimeisoma mara tatu.

Niliapa mbele ya kanisa zima kwamba kinywa changu hakitasema na wewe mpaka uiache kazi ile ya baa. Simu nayo naihesabu kinywa, usinipigie. Kalamu sikuitaja. Nimemuuliza mchungaji, akakuna kichwa, akasema hilo hajui. Basi nakuandikia, na Mungu akiona nimekosea atanijulisha.

Hiyo dansi yako ya nguzo, uiite mazoezi au uiite maombi, mimi maoni yangu hayajahama. Lakini umeniuliza unene, na swali la chuma sijawahi kulikataa hata likiletwa na adui.

Mambo ya watu wanasema arobaini na tano siyataki. Ni mkono wa nani waliopima? Chukua kamba ya katani. Tafuta vitu vya mviringo, mchi, chupa, chochote, mpaka upate kile ambacho ukikishika kidole gumba na cha kati vinagusana tu bila kulaliana. Kizungushie kamba, funga fundo pale inapokutana, uniletee hiyo kamba. Mimi nitajua.

Nyumbani hakuna jipya. Mlango ni ule ule wa chuma nilioutengeneza mwaka aliofariki mama yako, na bado unafunga vizuri, hauachi hata nafasi ya ukucha. Siku uliyotoka niliubamiza, nikakusikia ukilia pale nje. Nataka ujue kwamba nilisikia. Nilisimama nyuma yake nikasema moyoni, na alie, kilio kitamrudisha. Hukurudi. Jambo hilo linanishangaza mpaka leo.

Baba yako,
Jeconia


Kawangware,
20 Januari 2024

Kwa Baba,

Kamba hii hapa. Nimepima kwa mkono wa kulia, ndio wa kupandia.

Kuhusu siku ile, mimi pia nakumbuka. Tusiiongee.

Asante kwa kunijibu. Sikutegemea. Ngina ninayekaa naye alisema utairudisha barua bila kuifungua, tukawekeana dau la chapati, na leo nimekula chapati.

Amondi


Gatwekera,
6 Februari 2024

Amondi,

Kamba yako ilikuwa sentimita kumi na nne na kidogo, kwa hiyo wale watu wako hawakudanganya: arobaini na tano. Sasa sikia taabu uliyonipa. Paipu ya maji ya inchi moja na nusu, ukiipima kwa nje, ni mili arobaini na nane. Inayoifuata kwa udogo ni arobaini na mbili. Katikati hapo hakuna kitu Nairobi nzima. Nimechukua ile ya arobaini na nane nikaibeba begani mpaka kwa Kagiri mwenye mashine ya kukereza chuma, akainyoa mili tatu huku nimemsimamia kichwani. Kisha nimeipiga msasa siku mbili, mpaka nikaziona ndevu zangu ndani yake. Zimekuwa nyeupe, nilikuwa sijui.

Watu wa mkokoteni watakuletea. Wameniuliza ni ya nini. Nimewaambia ni ya pazia.

Kabla ya kupanda, ing'ang'anie kwa nguvu zako zote uone kama inacheza juu. Ikicheza, usipande, niandikie.

Jeconia


Kawangware,
17 Februari 2024

Kwa Baba,

Nguzo imefika na ni nzuri kuliko za Lavington. Wakarima ameipapasa akasema fundi huyu apewe mke.

Lakini Baba, bado ni nene. Usikasirike. Huenda nilipima vibaya. Nimepima tena na kamba nimeifungia humu. Ukipata ile ya arobaini na mbili itanitosha.

Mwandiko huu ni wa Ngina, mimi nasema yeye anaandika. Mikono yangu ina kazi nyingi siku hizi.

Amondi


Gatwekera,
20 Februari 2024

Amondi,

Umeajiri karani? Mimi naamkia kazini saa kumi na mbili asubuhi, jioni macho yamejaa cheche, na bado nakuandikia kwa mkono wangu. Wewe unazungushwa na chuma chumbani, umepata wa kukuandikia. Kama barua zangu zinakuchosha sema, nirudi kunyamaza, nimezoea.

Sasa hii kamba. Ni sentimita kumi na tatu. Mwezi mmoja uliopita ilikuwa kumi na nne. Mimi nimepima vitu miaka thelathini na moja. Mkono wa mtu mzima haupungui hivyo ila kwa njaa au ugonjwa. Mama yako alipougua, pete ilianza kumtoka yenyewe akiosha vyombo, nikaifunga uzi ndani ili asijue. Kwa hiyo niambie: unakula?

Nimempa Mama Osewe gorogoro mbili za unga na omena za kukaangia. Usigawe kwa hao kina mama wako wa matumbo. Kula.

Arobaini na mbili utaipata wiki ijayo, haihitaji kukerezwa.

Jeconia


Kawangware,
2 Machi 2024

Kwa Baba,

Nakula. Unga nimepika, omena nimekula mpaka paka wa ploti amenihamia. Sina njaa na wala si mgonjwa. Ngina anaandika kwa sababu mwandiko wake ni mzuri, ndiyo hivyo tu, usitafute maneno.

Ile ya arobaini na mbili nimeijaribu siku nne. Inakaribia. Naona yenye mili thelathini na nane ndiyo itakuwa yangu. Kamba ni hii. Mtihani wenyewe wanaruhusu mtu aje na nguzo yake, ile ya kusimama kwenye kitako chake, kwa hiyo naomba uichomelee kitako kizito.

Baba, kumebaki wiki tatu na siku kadhaa. Usiniulize mengi. Nitengenezee tu.

Amondi


Gatwekera,
9 Machi 2024

Amondi, nyara, binti yangu,

Sentimita kumi na mbili. Nimeilaza kamba hii kando ya zile mbili juu ya meza, nikazitazama mpaka uji ukapoa.

Thelathini na nane ni chuma cha kutengenezea viti vya kanisa. Ukuta wake ni mwembamba, mtu mzito akiegemea kinakunjika. Sitakupandisha juu ya kiti. Kwa hiyo nimeingiza ndani chuma kizima, nikakichomelea juu na chini, na kitako nimekifanya cha kubebwa na wanaume wawili. Kimenichukua siku tano na nimekataa kazi ya geti. Kijana mmoja mnene wa hapa karakana amening'inia juu yake kwa masaa, nikimlipa soda. Hakikusogea. Hiki hakitakuangusha, hilo naapa, na viapo vyangu unavijua.

Lakini kuna kitu hakinikalii sawa. Weka mkono wa kulia juu ya karatasi, vidole wazi, uchore kuuzunguka kwa kalamu, uniletee. Nataka kuuona. Kamba tatu zinaniambia mambo matatu.

Na jambo jingine, ambalo nimelifikiria nikiwa macho usiku. Tarehe 27 ukipita, umeiacha baa kabisa na kwa karatasi. Nitasimama mbele ya kanisa Jumapili ya Pasaka niombe kiapo changu kifunguliwe, halafu nije huko Kawangware nikusalimie kwa mdomo. Nimeanza kufikiria nitasema nini kwanza. Bado sijapata.

Baba yako,
Jeconia


Kawangware,
16 Machi 2024

Kwa Baba,

Nguzo imefika. Hiyo ndiyo. Nashika.

Mchoro wa mkono nitakuletea baada ya mtihani, sasa sina nafasi.

Utakachosema kwanza, sema tu jina langu. Mengine yatafuata yenyewe.

Amondi


Kawangware,
1 Aprili 2024

Mzee Jeconia,

Ni Ngina. Amondi hajanituma, na akijua nimeandika atanikasirikia, lakini mimi siwezi kunyamaza tena. Nimeandika barua za mtu mwingine mpaka nimechoka, leo acha nikuchanue, nikwambie ukweli mimi mwenyewe.

Najua jana ulimngoja aje kanisani na habari. Mtihani hakupita. Alianguka. Nguzo yako haikusogea hata kidogo, nilikuwepo, hilo usijilaumu. Alipanda vizuri, akafika juu, akajigeuza kichwa chini ashikilie kwa mkono wa kulia peke yake, na mkono ukamwacha. Aliangukia mkono ule ule. Vidole vitatu vimevunjika tena.

Nimesema "tena". Hapo ndipo nataka usome polepole.

Siku uliyomfukuza alikuwa ameshika fremu ya mlango, anageuka akwambie kitu. Ukaubamiza. Mlango wako ulifunga na vidole vyake vikiwa ndani. Kilio ulichokisikia ni hicho. Alivivuta mwenyewe vikatoka. Alisimama hapo nje akingoja ufungue, anasema alingoja mpaka majirani wakaanza kuchungulia, akaona aibu akaenda. Hakuwa na pesa ya hospitali, alifungwa bandeji na mtu wa duka la dawa. Vikapona vibaya. Tangu mwaka jana vimekuwa vikijikunja na kukaza, na mwaka huu vikazidi, kila wiki anashika kitu chembamba zaidi. Sasa unajua kwa nini kamba zilikuwa zinapungua. Na kalamu ilikuwa inamtoka, ndiyo maana mimi nikawa karani, kama ulivyoniita.

Mchoro ule alikuchorea siku hiyo hiyo ulipouomba. Akaukunja akauficha chini ya godoro. Nimeuiba, uko humu ndani. Ule mstari unaopita vidole vitatu ni kovu, amelichora mwenyewe.

Hospitali wamesema ingekuwa ni wakati ule wangevinyoosha. Sasa wameweka plasta na wanasema tungoje.

Ngina


Gatwekera,
6 Aprili 2024

Amondi,

Ngina ameniandikia. Usimkasirikie.

Nilisema ni uongo. Nilisema msichana huyu hanijui, amejitungia. Mimi mlango wangu naujua, hauachi hata nafasi ya ukucha. Kisha nikachukua mchoro wako nikaenda mlangoni, kwa sababu mimi si mtu wa kubishana bila kupima. Nimeuweka kwenye fremu, mahali mtu wa kimo chako angeshika akigeuka. Kovu limelala juu ya ukingo wa chuma, vidole vitatu, ule mshazari wenyewe. Hakuna tofauti hata ya mili moja. Nimepima mara nne, kisha nikapima kwa kamba, kisha nikakaa chini.

Nilikuwa nyuma ya mlango huo. Ningenyoosha mkono tu. Nilidhani unalia kwa sababu ya kufukuzwa, na nikafurahi, Amondi. Hiyo ndiyo nataka uijue kutoka kwangu na si kwa mtu mwingine. Nilifurahi kwamba unalia.

Na miezi mitatu umeniletea kamba baada ya kamba, mimi nakuletea unga.

Mlango nimeung'oa. Nimeukata kwa grinda vipande saba. Sasa kuna shuka pale. Watu wa kanisa walikuja kunisalimia, nikawaambia kiapo changu nimekivunja mwenyewe, sihitaji wanifungulie. Jumapili nakuja. Nakuja kuongea.

Baba yako


Gatwekera,
9 Aprili 2024

Amondi,

Nilikuja, unajua nilikuja. Wakarima alinionyesha chumba. Nilibisha, nikasema jina lako kama ulivyoniambia. Halikutoka vizuri mara ya kwanza. Nikalisema tena na tena, mpaka watoto wa ploti wakaanza kulisema pamoja nami wakidhani ni mchezo. Nilisikia kitanda kikilia, nikasikia ukikohoa. Mlango wako ni wa mbao na una nafasi kubwa chini, niliona kivuli cha miguu yako imesimama hapo. Ulikuwa karibu kama nilivyokuwa mimi siku ile.

Sikulaumu. Nilisimama mpaka jua likazama, kisha nikarudi kwa miguu.

Sina ufundi mwingine zaidi ya huu. Nimewaza usiku kucha. Mkono ukitoka plasta naweza kukutengenezea kitu cha kushikia: mpini wa kisu, wa mwiko, wa jembe, kikombe chenye sikio la kukutosha, chochote. Unene wowote, hata wa kalamu, hata wa sindano ya kushonea magunia. Nitumie kamba nyingine. Nitumie tu kamba, usiandike neno.

Baba yako,
Jeconia


Kawangware,
18 Mei 2024

Kwa Baba,

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mistari inapanda. Barua hii imenichukua siku tatu.

Mwanzoni sikukwambia kwa sababu ulikuwa umeapa. Baadaye sikukwambia kwa sababu, kama ungejua, ungekuja kwa huruma. Nilitaka unifungulie kabla hujajua. Nilidhani nguzo itatufikisha hapo, na ilibaki kidogo sana, Baba. Uliponiandikia kwamba unafikiria utasema nini kwanza, nililala na barua hiyo kifuani.

Ulipokuja nilitaka kufungua. Nilishika kitasa kwa mkono wa kulia, kwa mazoea, na plasta ikateleza. Nikaona ni sawa tu, nikarudi kulala.

Kuanzia Jumatatu niko baa tena, upande wa jikoni, naosha glasi kwa mkono mmoja. Nguzo zako zote tatu bado zimesimama kwa Wakarima. Kina mama wanazitumia wenyewe, na wanagombania ile ya arobaini na tano, ndiyo inayowatosha wengi.

Plasta imetoka Jumatano. Vidole vimenyooka vikakaza hivyo hivyo, kama ulivyotaka siku zote vitu vinyooke. Umeomba kamba, nakutumia. Nimejaribu mchi, nimejaribu chupa, nimejaribu kalamu, nimejaribu ile sindano ya magunia.

Hii kamba haina fundo. Mkono haukufunga popote.

Amondi